Vyoo Anavyosugua Mkurugenzi

Kila asubuhi kwa miaka tisa, Nishibori Yasunori, mwenye kiwanda cha achari ya figili katika mji wa Hino, Japani, alipiga magoti akasugua vyoo vya wafanyakazi wake kwa mikono mitupu. Asiyelijua hilo mjini labda alikuwa mgeni au kiziwi, maana Nishibori mwenyewe hakuwa mchoyo wa kulisimulia. Ofisini alitundika msemo wa wafanyabiashara wa kale wa Omi, jimbo la mji huo: muuzaji apate, mnunuzi apate, na ulimwengu upate. Aliuamini kwa dhati, mnafiki hakuwa. Ila hakuwahi kujiuliza ni kwa nini vyoo vya watu themanini havikumchafua hata ukucha.

Siku moja ya Juni walitarajiwa wakurugenzi kumi na wawili kutoka Osaka, waje kujifunza unyenyekevu huo. Nishibori alipania, akafika saa kumi na moja alfajiri badala ya saa moja. Chooni akamkuta Mama Hatsue, mfagiaji wa kiwanda, amepiga magoti juu ya taulo lililokunjwa, na maji ya ndoo yake yamekwisha kuwa meusi.

Mama alitaka kuruka asimame, lakini magoti ya miaka sitini na tisa hayaruki.

"Nisamehe, Mkurugenzi! Leo nimechelewa. Kimebaki kimoja tu."

"Kimoja nini, Mama? Hii si kazi yangu?"

"Ni yako kabisa. Mimi natoa tu ule uchafu wenyewe."

"Tangu lini?"

"Tangu ulipoanza."

"Nani kakutuma?"

Mama Hatsue akaitazama ndoo.

Kuwabara, meneja utumishi, alipopigiwa simu alikuja mbio, vifungo vya shati vimekwenda kombo. Wala hakukana.

"Mkurugenzi, umesahau? Siku ya pili tu ulitapika. Tungekuacha utapike kila siku?"

"Na saa zake hizi analipwa?"

"Tungeziandikaje? Tukiandika kwamba Mama anasafisha, basi wewe husafishi. Si tungekuumbua?"

Nishibori alitamani ardhi ipasuke immeze. Miaka tisa mwanamke huyu amedamka, amekanyaga baiskeli kwa mvua na theluji, ili yeye aonekane mnyenyekevu! Muuzaji kapata, mnunuzi kapata, ulimwengu umepiga makofi, na mwenye ndoo hakuna aliyemkumbuka. Uso ulimwaka moto hadi masikioni.

"Leo nitasema," alimwambia Mama. "Mbele ya wageni wote."

"Usiseme, Mkurugenzi, nakuomba. Nitaonekana mchongezi. Ukitaka kunitendea wema, niache nimalize hiki kimoja."

Laiti angemsikiliza! Lakini mwenye aibu huwa na haraka ya kuutua mzigo wake, na mara nyingi huutua kichwani mwa aliye karibu.

Saa moja wageni waliingia, mikono ya mashati imekunjwa. Mmoja akapitisha kidole kwenye kigae.

"Aisee! Hapa pamesafishwa kabla ya kusafishwa!"

Wakacheka. Nishibori akamwita Mama Hatsue, akaeleza yote bila kujisitiri, kisha akapiga magoti mbele yake na kuinama mpaka paji la uso likagusa sakafu.

Halafu mgeni mmoja akaanza kulia.

"Mmeona? Huyu ndiye kiongozi!" alisema, akatoa simu apige picha. Wenzake wakatoa zao, na makofi yakajaa mle chooni. Nishibori aliyasikia akiwa bado kainama, akaelewa kwamba hata toba yake imemnufaisha yeye. Aibu ya alfajiri ilikuwa nafuu kuliko hii.

Alipoinua macho alimwona Mama Hatsue kainama chini kuliko yeye. Angefanyaje? Mfagiaji abaki wima, mkurugenzi kalala sakafuni? Sasa magoti ya Mama yalikuwa yamekataa kunyooka. Nishibori akamshika mikono yote miwili, mikono iliyobabuka kwa dawa za kusafishia, akamwinua polepole huku simu zikiwafuata. Mama akamsogezea mdomo sikioni, wageni wasisikie.

"Mkurugenzi," alinong'ona, "sasa kesho nije saa ngapi?"