Mama Alivyomsalimia Mkwe

Mama yangu, Nakhungu, alimshika mume wangu mkono katikati ya soko la Bumula, akautikisa vizuri, akamuuliza kama ng'ombe wake wamepona. Kwetu Wabukusu mama mkwe hamshiki mkwe mkono. Miaka yote ya ndoa yangu, akimwona Hillary anakuja, yeye hukata kona akapita kwenye mahindi ya watu. Hillary, maskini, alibaki ameduwaa, na mashangazi wakaanza kuulizana mbuzi wa kusafisha aibu hiyo atatoka wapi.

Mama hakutetereka. "Ni mimi nilitaka," akasema. "Si mambo imebadilika?"

Mambo imebadilika wapi? Hillary hana ng'ombe hata mmoja. Mama alidhani anaongea na Wanjala, jirani yake. Mama ana ugonjwa wa sukari miaka mingi, na sasa macho yalikuwa yanamtupa, lakini aliona heri aitwe mkosa adabu kuliko aitwe kipofu. Nilikasirika hata chai ikanishinda. Kesho yake nikamburuta hadi kliniki moja ya Kitale.

Daktari Chepngeno akasoma majibu ya damu. Sukari ilikuwa juu, na kipimo kingine, kile cha kuonyesha kama mwili una uvimbe wa ndani kwa ndani, kilikuwa juu pia.

"Hii haisemi macho yameharibika," akatueleza, "lakini vyote vikiwa juu hivi, sitaki kungoja kuyatia dawa ya kupanua mboni niyaangalie. Mama, unaona vizuri?"

"Hata uzi natia kwa sindano."

"Uongo," nikasema.

"Pauline, kwani macho ni yako?" Akakunja mikono, akayafumba yote mawili asiangaliwe. Alijua daktari akisema haoni, nitamtoa nyumbani kwake.

"Sawa, bana," nikamwambia. "Yaache. Ukipofuka utakuja kukaa kwetu Kiminini. Utalala nyumba moja na Hillary, na asubuhi mtakunywa chai meza moja."

Mama akafumbua macho. "Daktari, hiyo dawa ya kutia kwa macho iko wapi?"

Mboni zilipopanuka, Chepngeno akachungulia muda mrefu. "Mishipa ya nyuma ya macho inavuja," akasema. "La kushoto limeumia sana. La kulia, tukianza sindano sasa, tunaweza kuliokoa."

Hapo nikafoka. Ati ananificha mimi, mtoto wake. Angejichoma jikoni, angetumbukia kisimani, na mimi ningeambiwa na nani? Mama akaniacha nimalize.

"Tangu Krismasi uso wako sijauona," akasema polepole. "Nakujua tu kwa hizo kelele zako."

Machozi yalinitoka bila sauti, nikayaacha yatoke. Mama akanyoosha mkono, akapapasa kiti kilichokuwa kati yetu.

"Pauline," akaita. "Umetoka?"