Bei ya Kuku

Bartholomew, mzee wa kanisa, ndiye aliyesimama barazani akapaza sauti: "Huyu Laban wa sindano atatumalizia watoto! Hana cheti!" Watu wakapiga makofi. Cheti kweli hakuwa nacho, ila miaka yote alikuwa akidunga watu kwa kuku mmoja, nao wakipona. Mwaka uleule wa 1966 ikatoka amri: asiye na leseni akikutwa na sindano, jela. Laban akavuka mpaka wa Uganda, akajificha nyuma ya vibanda vya Busia, upande wa Kenya. Sasa alikuwa na askari wa kunyamazisha kwa hongo, kwa hiyo hakutaka tena kuku. Alitaka mbuzi.

Mchimba kisima huingia mwenyewe. Kifua kikambana Aguti, binti wa Bartholomew. Zahanati ya serikali ilikuwa bure, lakini dawa zenyewe zilikuwa zimekwisha, na hospitali ya Tororo ni mbali kwa mtoto anayepumua kwa shida. Basi mzee akampakia kwenye baiskeli, akamfunga kamba mbuzi aliyeahidiwa Mungu kwa Sikukuu ya Mavuno, akashika njia ya panya. Kila aliyemsalimu, mzee alimjibu akitazama chini.

Laban alipomwona alicheka mpaka akashika kiuno.

"Karibu, mzee wa vyeti! Ungenyamaza siku ile, leo ungekuja na kuku."

Loo, aibu! Bartholomew alitamani ardhi ipasuke immeze.

Hapo akarudi mlangoni Apio, mjane jirani wa mzee kijijini, mtoto mgongoni, kuku kwapani. Alikuwa amekwisha kukataliwa. Siku ya baraza alikuwa shambani, hakujua nani alisema nini. Alipomtambua mzee, akapiga goti kumsalimu.

"Mzee, Mungu nakuleta. Wewe najua wakubwa. Ambia hao waturudishie bei ya kuku. Sijui nani aliharibu."

Laban akamtazama mzee.

"Nitawaambia," alisema Bartholomew. Kwa mdomo uleule! Moyo ulimchoma, lakini kukiri hakuweza. Akamsukumia Laban kamba ya mbuzi. "Wadunge watoto wote wawili."

"Sawa," Laban alisema, akiwasha jiko achemshe sindano. "Hawa nitawadunga. Na watakaokuja kesho na kuku, niwaambieje?"

Apio alikuwa bado amepiga goti, machozi yakimtoka. "Mungu akubariki, mzee. Akuzidishie."

Mzee wa kanisa alifungua mdomo aitikie amina, ikamshinda.