Jiwe la Kilo Moja

Mume wangu amekagua mizani za watu miaka thelathini na minne. Sokoni, buchani, kwenye stoo za nafaka, popote penye mizani yeye aliingia na kisanduku chake cha mbao, akatoa jiwe la shaba la kilo moja, akaliweka juu, akatazama mshale. Hana maneno mengi. Wauza nyama wakimwona kwa mbali walianza kusalimiana kwa sauti kubwa ili wa mwisho naye asikie. Hata nyumbani, sukari haiingii jikoni kabla hajaipima. Mimi fundi wa mapazia, nimezoea kukata kwa macho, hebu fikiria tulivyoishi.

Basi akastaafu. Kiinua mgongo kiliingia benki Jumanne, na kufika Alhamisi tulikuwa na ndugu ambao hatujawahi kuwa nao. Huyu anataka tufuge kuku, yule tununue lori nusu kwa nusu, nusu yetu ikiwa ndiyo yenye injini. Mume wangu alisikiliza wote, akasema “nimesikia”, na hakutoa senti. Lakini mimi namjua, alikuwa na hofu. Bei zilipanda kila wiki, pensheni ya mwezi ingeishia kwenye umeme na maji, na kile kiinua mgongo ndicho kilichotakiwa kututunza mpaka tuzikwe. Kingine hakiji.

Ndipo akaja Asilimia. Alisoma na mume wangu darasa moja, na jina hilo tulimpa sisi, maana hata chumvi hawezi kukuomba bila kutaja asilimia. Alikuwa amefungua ofisi mjini, kiyoyozi, makochi ya ngozi, na dada wa mapokezi anayenukia mpaka barabarani. Ukiweka pesa kwake, alisema, unapata asilimia kumi kila mwezi.

“Shemeji,” akaniambia, amejaa kwenye kochi letu, “pesa ikilala benki inaliwa na mfumuko wa bei. Mimi naiamsha, naipeleka kazini.”

“Kazi gani?”

“Biashara za nje.”

“Nje wapi?”

Akacheka, akamgeukia mume wangu. “Mkeo mkali, bwana!”

Nilikuwa mkali kweli. Alipotoka tu nikamwambia mume wangu: “Wewe hujawahi kuiamini mizani bila kuiwekea jiwe. Na huyu mwekee.”

Wazo likamwingia. Akapeleka laki moja tu, akasubiri mwezi, kisha akaenda kuzidai zote. Asipopewa, basi tumemjua mtu. Mimi nilibaki kwenye cherehani nikipanga maneno ya kumsimanga.

Akarudi na laki moja na elfu ishirini na tano. Si kumi kwa mia, ni ishirini na tano! Asilimia alisema mwezi ulikuwa mzuri.

Lo! Ukali wangu wote ukayeyuka pale pale. Nikaanza kupiga hesabu kwa chaki kwenye kitambaa cha mteja. Nikaiona nyumba imepakwa rangi, nikajiona nimekaa barazani nimenyoosha miguu. Asilimia alipokuja na fomu ya kiinua mgongo chote, nilimkaribisha kwa vikombe vya wageni.

Mume wangu hakushika kalamu. Alitoa jiwe lake kwenye kisanduku, akaliweka juu ya ile fomu.

“Hili ni kilo moja,” akasema. “Nikiliweka kwenye mizani likasoma kilo na robo, huwa sishangilii kwamba jiwe limenenepa. Naifungia mizani.”

“Sasa hiyo inahusiana nini na biashara?” Asilimia akauliza.

“Chukua fomu yako, ndugu yangu. Chai umalize.”

Nilikasirika, jamani! Nikamwambia akili zake zimeota kutu kama misumari, kwamba wenzake watatajirika yeye akipima sukari. Yeye akarudisha jiwe kisandukuni. Wiki ile ile akagawa pesa zake kwa utaratibu wa kuchosha: sehemu hatifungani za serikali, sehemu kumalizia vyumba viwili vya kupangisha tulivyoanza kujenga uani, sehemu akaiacha benki kwa ajili ya maradhi. Siku tatu sikumsemesha, na ya nne nikachukua mgao wangu wa kikundi cha akina mama, laki nane nilizowekea cherehani mpya ya umeme, nikampelekea Asilimia mwenyewe kwa mikono yangu. Mume wangu sikumwambia. Nilitaka nije nimwoneshe.

Mwezi uliofuata nilikwenda kuchukua faida, nikakuta watu wamejaa mlangoni na kufuli kubwa. Kiyoyozi kimeng'olewa, limebaki tundu ukutani. Mlinzi alisema na yeye anadai mshahara.

Msiba wa kujitakia hauna kilio, wanasema. Mimi nililia. Nililia njia nzima, na nilipofika nikamkuta mume wangu barazani anapima sukari.

“Ngapi?” akaniuliza, kabla sijafungua mdomo.

“Laki nane.”

Nilimsubiri aseme. Mimi ningesema mpaka kuche! Alinyanyuka, akaingia jikoni, akatoka na chai, akaniwekea sukari bila kuipima. “Pole, mke wangu,” akasema. Afadhali angenigombeza.

Leo vyumba vina wapangaji, na zile hatifungani zinalipa kila nusu mwaka, kwa wakati, mpaka zinaniudhi. Cherehani ni ile ile ya kukanyaga. Mtaani sasa kila anayekaribia kustaafu anakuja kwetu kuuliza pesa aweke wapi, maana sifa za jiwe zimeenea. Juzi kaja jirani, mwalimu, barua yake ya kustaafu mkononi, akasimama mbele ya mume wangu pale barazani.

Mume wangu akaninyooshea kidole nilipo kwenye cherehani.

“Muulize mama hapo. Mimi niliangalia tu. Aliyelipa ada ni yeye.”

Nikamkata jicho, kisha nikamvutia mwalimu kiti.