Kipaza Sauti Mkobani

Baba alipofika kwangu Ndera, Kigali, kutoka Ngara, hakuanza na zawadi zake za asali wala senene. Alitoa redio yake begini, akachomoa kipaza sauti na waya wake wa kujikunja, akanitia mkononi.

"Kabagwira, mwanangu, kaa na hiki. Kibali hakijatoka. Hiki kikiwa karibu yangu nitashawishika kusema."

Baba yangu, Mutsinzi, ni mwalimu mstaafu na ni mtu wa redio ya ridhaa, wale wanaozungumza hewani na watu wa nchi za mbali, bila malipo, kwa raha zao tu. Leseni anayo, lakini ni ya Tanzania. Mgeni akitaka kusema kwa redio yake hapa Rwanda lazima aombe kibali cha muda. Kabla hajakipata, kazi yake ni kusikiliza.

Basi akafunga waya wa antena kutoka kwenye mparachichi hadi nguzo ya tangi la maji, akasikiliza. Mimi nikawa naenda kazini Gikondo, kwenye duka la vipuri, na kipaza sauti mkobani, kati ya kitana na chakula cha mchana. Mteja mmoja alikiona akaanza kuniita afande. Sikucheka.

Nilikuwa na hasira na kibali kuchelewa, kwa ajili ya Silvère. Huyu ni fundi wa reli mstaafu wa Lubumbashi, rafiki wa Baba ambaye hawajawahi kuonana uso kwa uso. Kila Jumamosi alasiri wanaitana hewani. Silvère ameshazungumza na kila nchi ya Afrika isipokuwa moja, na hiyo moja ndiyo alikozaliwa mama yake, kilimani Gatsata, hapa Kigali. Watu wa redio hapa kwetu ni wachache, na akitokea mmoja dunia nzima inamgombania. Baba akamwahidi kwamba atamwita kutoka Rwanda yeye mwenyewe. Sasa Silvère alikuwa anahamia kwa mwanawe, kwenye ghorofa ambayo mwenye nyumba hataki antena. Mnara wake wa antena ungeshushwa Jumapili. Ilibaki Jumamosi moja tu.

Alhamisi kibali kilikuwa bado. Nikashindwa kuvumilia.

"Baba, si useme tu? Nani atakuja kukukamata huku kwenye maharage?"

"Hakuna."

"Sasa?"

"Mazungumzo bila kibali hayahesabiki. Unataka Silvère apewe Rwanda ya wizi? Kwao mama yake?"

Nilinuna mpaka usiku.

Ijumaa niliomba ruhusa kazini nikaenda kwenye ofisi inayotoa vibali, nikiwa nimeyapanga maneno makali njia nzima. Nikapokewa na dada mmoja mpole, Christella, akanivutia kiti, akafungua faili ya Baba kwenye kompyuta.

"Dosiye ya mzee iko hapa, mama. Iko sawa yote, imesimama kwa adresi tu. Tumeuliza antena iko wapi, yeye akaandika Ngara. Email tulimuandikia, hakujibu."

"Antena iko Ndera, kwangu!"

"Ndiyo tunataka hiyo. Mgeni tunamuandika pale iko, si pale alitoka."

Maneno yangu makali yote yakakosa pa kwenda. Huyo ndiye Baba hasa: yuko Kigali, mkono wake unaandika Ngara. Nilitoa adresi yetu, nikashukuru, nikaondoka kwa aibu kidogo. Jioni kibali kikaingia kwenye simu. Baba akavaa miwani akakisoma kwa sauti, pamoja na sharti lililosema kila akiita aanze kwa 9X, alama ya Rwanda, ndipo afuatishe alama yake ya nyumbani, ile inayomtambulisha hewani kuwa ni mtu wa Tanzania. Nikamrudishia kipaza sauti chake. Alikifuta kwa shati kama miwani.

Jumamosi ilikuwa ya umuganda, siku ya kazi za pamoja. Asubuhi tulifyeka mitaro na majirani, na Munyaneza, mkuu wa mudugudu wetu, yaani mtaa, akaniita kwa jina la mwanangu, akanyoosha kidole juu ya ua.

"Mama Shema, ule waya ni wa nini?"

Nikamwonyesha kibali. Alikisoma chote, kisha akasema atakuja kusikiliza. Alasiri alikuja kweli, na majirani nyuma yake, na viti havikutosha.

Redio ilijaa mikwaruzo. Ghafla, katikati yake, sauti ya mzee ikaita taratibu, ikarudia. Baba akaruka.

"Ni yeye!"

Alibonyeza kipaza sauti. Akaita vizuri, kwa sauti yake ya darasani, alama yake ya nyumbani kama alivyoita Jumamosi zote za maisha yake. Ya nyumbani peke yake.

Baba akaachia kitufe, akasikiliza.

"Mutsinzi," sauti ikajibu. "Jambo, ndugu yangu. Kumbe uko Ngara. Hukuendaka Rwanda." Kisha ikashuka chini zaidi. "Haina matata. Najua ulijaribu. Mama mwenyewe alijaribu kurudi, na hakurudi."

Baba alibaki ameduwaa, hajui alichokosea. Na mimi, niliyetaka avunje sheria toka Alhamisi, nikajisikia napiga kelele mbele ya mudugudu mzima:

"Baba! Tisa eksi! Anza na tisa eksi!"

Akajishika kichwa. Kisha akabonyeza tena, akaita polepole, tisa eksi kwanza, halafu alama yake. Akaongeza kwamba yuko Kigali, Ndera, kwa binti yake, ana kibali mkononi, na kwamba Gatsata iko upande wa machweo, nyuma ya vilima anavyovitazama.

Mikwaruzo ikapita. Nilijikuta nimeushika mkono wa Munyaneza.

"Rudia," alisema Silvère.

Baba akarudia.

"Rudia tena."

Munyaneza akaninong'oneza, "Mbona hasikii muzuri?"

"Anasikia vizuri kabisa," nikamwambia, nikajifuta macho.

Baba akarudia.