Mwaka Ambao Hatukupanda

Mume wangu Yevtikhi hakuwa mjinga, hilo nataka lieleweke. Kwetu Urusi, mfalme alipobadili vitabu vya sala na kutulazimisha tufanye ishara ya msalaba kwa vidole vitatu badala ya viwili, askari waliwachoma hai wenzetu waliokataa. Ukishaona hayo kwa macho yako, utaambiwa dunia inaisha ukatae? Mtawa Pafnuti alipiga hesabu zake akasema Bwana atarudi Pasaka. Kupanda mbegu, akasema, ni kumkana.

Basi kijiji kizima kikatupa majembe. Wanaume wakachonga majeneza ya magogo, nasi tukavaa kanzu nyeupe, tukawa tunajilaza humo mchana tukiimba, tukimngoja Bwana. Binti yetu Malanya, wa miaka sita, aliona ni mchezo tu, akawa anachungulia na kucheka.

Mimi roho haikutulia. Nilimsihi Yevtikhi apande japo kipande cha nyuma ya nyumba, kwa ajili ya mtoto. Akaniuliza kwa kejeli kama nitamwomba Bwana asubiri kwanza tuvune.

"Na asipokuja?" nikamuuliza.

"Mama Malanya, usiniponze."

Nikafyata mkia. Kwetu mwanamke hapandi. Wanasema ardhi itagoma kuzaa. Najuta mpaka leo, tena najuta vibaya. Mbegu zote akazigawa kwa wapita njia, maana za nini tena?

Pasaka ikaja, ikapita. Pafnuti akahesabu upya, akasema Pentekoste. Nayo ikapita, na Pafnuti mwenyewe akatokomea msituni bila kuaga. Majira ya mavuno mashamba yetu yalikuwa magugu matupu. Theluji ilipoanguka tulikuwa tunasaga magome ya miti tukiyaita mkate. Yevtikhi alishinda kajiinamia kwenye benchi, na mimi, Mungu anisamehe, nilimchukia.

Malanya alikuwa wa kwanza kushindwa kuinuka. Adhuhuri moja jua liliipiga theluji, chumba kizima kikang'aa. Akafumbua macho.

"Mama, mbona kweupe hivi? Amekuja?"

Mimi ambaye sikuamini hata siku moja, nikamshika mkono.

"Ndiyo, mwanangu. Amekuja."

"Ana mkate?"

"Anao. Mwingi."

Akatabasamu, akatulia. Mkono ukalegea mkononi mwangu.

Yevtikhi alikuwa amesikia. Akainuka kwa pupa, akafungua mlango, akatazama nje akimtafuta Bwana.