Namba Tisa ya Zamani

...hapana, asisome, akisoma amekwisha, na kidole cha Rhona tayari kiko juu ya mstari wenyewe, ukurasa wa sitini na mbili, herufi ndogo kama mayai ya chawa, kitabu cha kuongoza wageni kilichochapwa enzi za Malkia Victoria kimelala wazi viganjani kama kinamsuta, na Bi Effie Tulloch amesimama kizingitini na sweta lake la kijani, "Haya mwanangu, kinatusemaje sisi wa hapa?", kinawasema vizuri jamani, ndiyo balaa yenyewe, kinasema nyumba ya wajane wa mabaharia, namba tisa, mlango wenye nanga ya jiwe juu yake, mgeni wa bandari hii ya Leith asipite bila kuitazama, na nanga ndiyo hiyo juu ya kichwa cha mama wa watu, imekula masizi lakini nanga ni nanga, mtoto wa chekechea angeiona, wewe Rhona mwenye digrii ya historia ya majengo, daraja la kwanza, miaka mitatu ukiomba kazi na kujibiwa "tumepokea maombi mengi", wewe hukuiona... aliiona, aliiona tangu Machi, mvua ikimpiga ubavuni, kampuni ya ujenzi imempa kazi ya kwanza maishani, kwa sababu anayetaka kubomoa lazima kwanza alete ripoti ya thamani ya jengo, na bosi, mvulana wa viatu bila soksi, akamwambia, "Dada, hatutaki uongo, tunataka tu lisiwe na makuu," naye akatafuta njia isiyo uongo, akaipata, safi, ya kisomi... "Dougie, mume wangu, alikuwa akiisugua hiyo nanga kila Pasaka," Bi Effie anasema, "namwambia shuka, utavunjika shingo, ananijibu, nikivunjika wewe shida yako nini, si uko nyumba ya wajane tayari!" na anacheka mpaka anakohoa, na Rhona anacheka pia, mnafiki we, unacheka na nani, mtaa huu ulipewa namba upya ulipounganishwa na ule wa bandarini, namba tisa ya zamani ndiyo ishirini na tatu ya leo, hii hapa, kila anayetembea na vitabu hivi anajua, ndilo somo la kwanza, tafuta namba mpya kabla hujagonga mlango, na Rhona akaandika kwenye ripoti kwamba namba tisa leo ni ghala la mazulia, jengo linalotajwa halipo tena, ishirini na tatu haina kumbukumbu yoyote ya maana, akibanwa atasema amekosea, wanafunzi hukosea hivyo kila mwaka... na tangazo la kubomoa linapigwa na upepo kwenye nguzo ya taa pale, mwisho wa pingamizi ni leo saa kumi na moja jioni, "Wewe hukuandika pingamizi, Bi Effie?" sauti yake mwenyewe hiyo, imetoka lini, "Niandike nini, mwanangu? Walituma mtaalamu, kasema nyumba haina lolote. Mimi niliyeacha shule na miaka kumi na minne nibishane na msomi?"... msomi, lo, miaka yote ya kukosa kazi Rhona amewatukana wote, chuo, serikali, matajiri wenye nyumba sita sita, mdomo anao, na miezi yote hii amekuja kunywa chai ya huyu mama akijidai anafuata tu njia za kitabu, lakini sentensi ile ya ripoti haikuandikwa na chuo, haikuandikwa na serikali... "Umepoteza mstari?" Bi Effie anauliza, aye, ndiyo, ameupoteza, ingawa kidole hakijasogea, na upepo ni uleule, na mama bado amesimama anangoja asomewe, na Rhona anaona sasa kwamba kusoma ni rahisi, kusoma kungemfurahisha mama na kumwacha yeye salama, maana mama hajui mtaalamu yule alikuwa nani, sentensi anayodaiwa haimo kitabuni humu, inaanza na "yule msomi, Bi Effie," na inaishia na jina la Rhona mwenyewe...