Chujio la Mama Namkunda

Jana mchana, akiwa amelaza kichwa juu ya meza ya kazi, Tumsifu Mbwambo aliota ameitwa ndani ya kisanduku cha kutafutia.

Hakushangaa. Kisanduku hicho ndicho kilichomkosesha raha tangu mvua zianze. Ofisi yao, pale Arusha, ilikuwa inatengeneza kihariri, yaani programu ambayo waandishi wa programu huandikia kazi zao na kutafutia maneno ndani yake. Watumiaji walilalamika kwamba utafutaji ni mgumu mno: ukikosea herufi moja, hupati kitu. Basi Tumsifu akapewa kazi ya kubuni vichujio vinavyokazwa na kulegezwa, kila mtu atafute apendavyo.

Asubuhi dada yake Nakijwa alikuwa amempigia simu kutoka Usangi, milimani Upareni, anakomuuguza mama yao.

"Leo mama kaniita shangazi," Nakijwa alisema. "Njoo, Tumsifu, kabla hajakusahau na wewe."

"Nitakuja Jumamosi."

Akakata simu, akajaribu kufanya kazi, akashindwa. Usingizi ukamchukua.

Ndani ya kisanduku kuna baridi. Ni ukumbi mrefu mweupe, na ukutani kishale kinawaka na kuzimika.

"Andika unachotafuta," Kisanduku kinasema.

Tumsifu anaandika: mama.

Milango inafunguka. Akina mama wa dunia nzima wanaingia, wengine na miiko ya ugali mkononi, mmoja akiwa bado anagombana na mtu aliyebaki nje. Wanamtazama wote kwa pamoja.

"Ni wengi mno," Tumsifu anasema.

"Kaza."

Anabonyeza kitufe cha kutofautisha herufi kubwa na ndogo. Akina mama wote wafupi wanageuka na kutoka nje, taratibu, wakiombana radhi mlangoni.

"Mama yangu ni mfupi!" Tumsifu anapiga kelele. "Warudishe!"

"Kitufe cha kurudisha hukukibuni," Kisanduku kinamjibu, bila kinyongo.

Anawafuata mbio. Mlangoni amesimama Nyota, ile alama ambayo waandishi wa programu huiweka mahali pa neno wasilolijua. Ana miguu mitano na uso wenye uchovu.

"Habari za kazi," Tumsifu anasema.

"Nasimama badala ya mtu yeyote," Nyota anajibu. "Leo nimekuwa mkunga, askari na mbuzi. Mimi mwenyewe ni nani, sijaambiwa. Unamtafuta nani?"

"Mama yangu. Namkunda Mbwambo."

"Hakuna anayejiita hivyo. Yuko mmoja aliyesahau jina lake."

"Huyo huyo! Nipitishe."

Nyota anatikisa kichwa. "Kichujio chako kinasema neno zima tu. Yule amebaki nusu."

"Basi kilegeze."

"Kilegeze wewe, bwana. Si ndiyo kazi yako?"

Tumsifu anakishika kitufe kwa mikono miwili, anakisukuma kwa bega, anakisukuma kwa mgongo. Kinalegea. Ukumbi unakuwa migomba. Anajikuta Usangi, ukungu umeshuka hadi magotini, na katikati ya shamba kuna foleni ndefu ya watu waliopotelewa. Hakuna anayemsukuma mwenzake. Wa mwisho kabisa ni mama yake, kanga begani, mkononi chujio la chai.

Tumsifu anamsogelea.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Na wewe umepotelewa?"

"Nilipotelewa. Sasa nimekuona."

"Una bahati," mama anasema. "Mimi namtafuta mtoto wangu, Tumsifu. Ana miaka saba, jino la mbele limeng'oka. Nilimkataza kwenda mbali, hakusikia."

"Ni mimi, mama. Ndimi Tumsifu."

Mama anamtazama kwa heshima, ile heshima anayopewa mgeni. Anainua chujio la chai, anafumba jicho moja, anamchungulia kupitia vitundu vyake kuanzia miguuni hadi kichwani.

"Hupiti, baba," anasema kwa huruma. "Una ndevu."

"Naomba hilo chujio, mama. Mara moja tu."

Anampa. Tumsifu anapiga magoti kwenye ukungu. Anakipapasa kishikio, anaupapasa ukingo, anauzungusha. Vichujio vyote alivyobuni vina mahali pa kulegezea. Hili ni bati tupu na waya. Analipapasa upya, na upya tena, vidole vinaanza kutoka damu, mpaka anaelewa kwamba hakuna kitufe na hakijawahi kuwepo.

Hapo analia. Analia kwa sauti, kama mtoto, na watu wa foleni wanaangalia pembeni ili wasimtie aibu.

Mama anainama. Anamfuta uso kwa ncha ya kanga.

"Nyamaza, baba. Wako utampata. Na ukimwona wangu, mwambie namngoja hapa hapa, sisogei."

Lakini foleni inasogea. Mama anachukua chujio lake, anaingia ukunguni.

Tumsifu alizinduka. Simu ilikuwa ikitetemeka karibu na sikio lake. Alikuwa Nakijwa.

"Samahani kukusumbua kazini," dada yake alisema. "Mama ameamka sasa hivi, hatulii. Ameshikilia jambo moja tu. Anauliza yule baba mwenye ndevu, aliyekuwa akilia kwenye foleni, kama ameshampata mama yake." Nakijwa alivuta pumzi. "Foleni gani, Tumsifu? Leo hajatoka kitandani. Nimjibu nini?"

Tumsifu alisimama, akautafuta mkoba wake bila kuuona, ingawa ulikuwa mbele yake.

"Mwambie bado," alisema. "Mwambie yuko njiani."